Kapu la Karatasi za Bibi Yangu

(Hotuba niliyoitoa Siyu, kisiwani Pate, mbele ya wazee, walimu na wanafunzi)

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, masharifu, mama zangu mlioketi upande wa kivuli, walimu wenzangu, na nyinyi wanangu mliojaa mikekani hapa mbele, ahsanteni kwa kunialika. Nimezaliwa Amu, yaani mji wa Lamu, lakini bibi yangu mzaa mama ni mtu wa hapa, kwa hiyo leo sikuja ugenini.

Asubuhi tulipofika Mkanda, ule mkondo wa bahari wa njiani, maji yalikuwa yametoka. Chombo kikakaa, nasi tukakaa, tukingoja yajae. Nahodha wetu ni kijana, hajafika miaka thelathini. Nikamuuliza habari za mkondo ule, naye akaanza kunitajia. Kila kona ina jina. Kila kichaka cha mikoko kina jina, na kila fungu la mchanga linalochomoza maji yakipwa lina jina, na karibu kila jina lina kisa chake: hapa chombo cha fulani kilipanda mwamba, pale watu wa zamani walishuka kutafuta kuni. Nikamuuliza, "Nani aliyekufundisha haya?" Akasema, "Babu." Nikamuuliza, "Na wewe umemfundisha nani?" Akayatazama maji kidogo, akasema, "Mwalimu, hakuna aliyeniuliza."

Neno hilo limenikaa kifuani tangu pale Mkanda, na ndilo nitakalolizungumzia.

Mwaka 2001 mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini eneo lililoandikishwa ni kiasi cha hekta 16 tu. Kaunti yetu ina zaidi ya kilomita za mraba 6,000, tangu Kiunga karibu na mpaka wa Somalia hadi Witu bara. Mgeni akija hupelekwa Ngome pale Mkunguni, huingizwa makumbusho, huzipiga picha nakshi za milango, kisha hurudi kwao akiamini ameiona historia ya Lamu. Wageni siwalaumu. Kinachonitia hofu ni kwamba na sisi wenyeji tumeanza kuamini hivyo hivyo, kwamba historia ni ya Amu, na huku Siyu, Faza, Kizingitini, Ndau, Matondoni, Hindi na Witu ni mashamba tu.

Mashamba! Katika karne ya 19 hapa Siyu palikuwa mji wa wanazuoni na mafundi. Misahafu ilinakiliwa hapa kwa mkono, kwa wino mweusi na mwekundu, kurasa zikitiwa mapambo. Ngozi zilifanyiwa kazi hapa. Na mji huu ulikataa kumtii Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Katika miaka ya 1840 majeshi yake yalikuja kwa vyombo, yakarudi yameshindwa, Bwana Mataka akiwa mkuu wa Siyu. Mji haukuanguka hadi mwaka 1863, zama za Sayyid Majid. Ngome hii iliyo nyuma yangu, najua wazee mnabishana nani aliyeijenga, watu wa Siyu wenyewe au askari wa Zanzibar. Bishaneni. Ila ninawaomba mbishane mbele ya watoto, wasikie hoja za kila upande.

Huyo Bwana Mataka ndiye aliyemwoa Mwana Kupona binti Msham. Mwaka 1858 Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, alimwita bintiye Mwana Hashima, akamwambia asogee karibu na wino na karatasi, akamtungia utenzi wa nasaha. Hakuna ofisi iliyomwagiza, wala hakuwa na habari kwamba watu watakuja kuusoma katika vyuo vikuu vya nchi za mbali. Alikuwa mama anayehofia kwamba ataondoka kabla hajamwambia mwanawe aliyo nayo moyoni. Utenzi ule umetufikia kwa sababu watu waliunakili, wakaukariri, na wanawake wakausomeana majumbani. Nawataka mabinti mlio hapa mlikumbuke hilo. Mwanamke wa kisiwa hiki aliandika miaka zaidi ya 160 iliyopita, na maandishi yake yapo.

Ya bibi yangu hayapo, na mimi ndiye niliyeyafukia.

Bibi alikuwa na sanduku la mbao lenye misumari ya shaba. Ndani mlikuwa na karatasi zilizoandikwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Palipokuwa na harusi, wanawake walimwita aje awasomee, na mimi nilikuwa mshika taa wake. Alisoma kwa mahadhi ya taratibu, macho yakiigusa karatasi mara moja moja tu, kwa kuwa maneno yalikuwa yamemkaa. Alifariki mwaka 1974, nilipokuwa na miaka 13. Baada ya wiki chache nyumba yake iliezuliwa ili makuti yaondolewe na mabati yawekwe, vyombo vikatolewa nje, sanduku likafunguliwa. Mchwa walikuwa wameingia kwa chini. Watu wazima wakaziangalia zile karatasi, wakaona jina la Mwenyezi Mungu limo, na kwa desturi yetu karatasi ya namna hiyo haitupwi jaani. Nikapewa kapu la ukindu, nikaambiwa nikazifukie mahali safi.

Kapu lilikuwa jepesi. Nilizoea kubeba nazi, na mkono wangu ulishangaa. Nikachimba chini ya mkwaju, nikaanza kuzitia shimoni kwa mafungu. Ukurasa mmoja haukuguswa na mchwa hata kidogo. Pembeni ulichorwa maua kwa wino mwekundu, na chini kabisa palikuwa na jina la bibi. Niliweza kulisoma kwa kuwa nilikuwa nakwenda chuo cha Kurani kwa mwalimu. Niliushika ukurasa ule, nikalisoma lile jina, kisha nikautia pamoja na nyingine, nikarudisha mchanga.

Hakuna aliyekusudia ubaya siku ile. Watu walifuata adabu waliyoijua. Lakini katika nyumba nzima hapakuwa na mtu aliyeuliza, "Hizi ni karatasi gani?" Hata mimi niliyekuwa nikimshikia taa sikuuliza. Mahadhi yake ninayo mpaka leo, naweza kuwaimbia hapa. Maneno sina. Nimesoma tenzi nyingi tangu hapo nikitumai nitalikuta fungu moja nilitambue, na sijalikuta.

Kosa langu la pili nililifanya nikiwa mtu mzima. Nilifundisha Kiswahili shule za msingi miaka 36. Mtoto akiandika "ndia", nilikata kwa kalamu nyekundu nikaandika "njia". Akiandika "mato", nikaweka "macho". Akiandika "nti", nikaweka "nchi". Nilikuwa natimiza kazi, maana mtihani unataka Kiswahili sanifu na mtoto hana budi kukijua. Lakini sikumwambia mtoto hata mmoja kwamba neno lake halikuwa kosa. Sikumwambia kwamba Kiunguja kilichaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kwamba karne nyingi kabla ya hapo washairi wa Pate na Amu walikuwa wakitunga kwa maneno hayo hayo ya nyumbani kwake. Yule mtoto alitoka darasani akiamini kwamba mamake hajui kusema. Walimu wenzangu mlio bado darasani, sahihisheni insha, kwa hakika sahihisheni, lakini wekeni daftari jingine dirishani. Kila neno la lahaja zetu, Kiamu, Kipate, Kisiu au Kitikuu, mnalolikata katika insha, mwiteni mtoto aliandike katika daftari lile kwa mkono wake, na chini yake aandike amelisikia kwa nani.

Kwa sababu maneno yanaondoka pamoja na vitu. Nikiwauliza hawa watoto wikio ni nini, wangapi watanijibu? Wikio ni kile chumba kinachovuka njia kwa juu, kutoka nyumba hadi nyumba. Baba alipomjengea bintiye nyumba ng'ambo ya njia, wikio iliziunganisha nyumba mbili, mama na mwanawe wakaendeana bila kushuka barabarani. Mbele ya nyumba kuna daka, wanapoketi wanaume kuzungumza. Ukipita mlango unaingia tekani, ukumbi wa kuingilia, kisha kiwanda, ndio ua ulio wazi juu, kisha misana, mmoja nyuma ya mwingine, kisha ndani, na ukuta wa ndani umejaa zidaka, vishubaka vya kuwekea vyombo vya kaure na misahafu. Vyumba hivi ni virefu na vyembamba, na watu wengi wanadhani ni mtindo tu. Sababu ni boriti. Boriti ya mkoko haichukui dari pana. Ikivuka mita 3 hivi inaanza kulegea. Upana wa sebule ya tajiri wa Amu au Pate uliamuliwa na mti ulioota matopeni. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko katika kaunti hii yetu, kwa hiyo mkataji wa mikoko wa Ndau naye ni mjenzi wa nyumba zile, ijapokuwa jina lake halimo katika kitabu chochote.

Na chokaa. Magogo hupangwa kwa duara, matumbawe yakapakiwa juu, moto ukatiwa katikati, ukaachwa ufanye kazi yake. Mawe yaliyoiva humwagiwa maji yakavunjika yenyewe yakawa unga, unga ukaachwa ukomae kabla ya kutumika. Ni kazi ya subira na mafundi wake ni wachache. Siku hizi mtu akiona ukuta wa bibi yake umechakaa, anaupaka saruji. Anafanya kwa mapenzi, najua. Lakini ukuta wa matumbawe hupumua. Saruji inauziba, unyevu na chumvi vinakwama ndani, na baada ya miaka plasta inaporomoka pamoja na kipande cha ukuta wenyewe. Tafadhali, kabla ya kununua mfuko wa saruji, mtafuteni fundi wa chokaa.

Mwaka jana nilikwenda Matondoni kukaa na fundi wa vyombo. Alikuwa akitia kalafati. Anasokota pamba iliyolowa mafuta kwa kiganja juu ya paja, anailaza kwenye uwazi baina ya mbao mbili, anaisukuma kwa chembeu na nyundo, tak, tak, tak, halafu anasita, anapiga tena polepole kichwa kimeinama. Nikamwuliza anasita kwa nini. Akasema anasikiliza. Mlio unabadilika pamba ikijaa. Ukizidisha, mbao zinafunguka, ukipunguza, chombo kinakunywa maji. Nikamwuliza mlio ule unaitwaje, maana mimi ni mtu wa msamiati, nilitaka neno. Akanijibu, "Hauna jina. Unausikia tu." Nikatoa simu nikarekodi dakika 11 za mkono wake na ule mlio. Yapo mambo ya kwetu ambayo kalamu haiwezi kuyabeba, na kwa hayo simu za hawa vijana ni hazina kuliko digrii yangu.

Sasa niseme kidogo juu ya Shanga, kwa kuwa iko jirani yenu. Katika miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walichimba pale. Chini ya msikiti wa mawe walikuta alama za nguzo za miti, misikiti midogo iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, na wa awali kabisa ni wa karne ya 8. Yaani katika ufuo huu watu walikuwa wakisimama kuelekea kibla miaka zaidi ya 1,200 iliyopita. Papo hapo, Siyu kuna hadithi ya mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa na chombo wakaokolewa na wenyeji. Waandishi wa habari wanaipenda sana. Mwaka 2013 kule Manda ilipatikana sarafu ya Kichina ya zama za mfalme Yongle, na wengi wakasema, basi hadithi ni kweli. Mimi nawaambia sarafu hupita mikono mingi, na peke yake haitoshi kuthibitisha nani alishuka ufuoni. Hata hivyo msiitupe hadithi. Iandikeni kama hadithi, na jina la msimuliaji, na jina la aliyemsimulia yeye. Zile alama za nguzo ziandikwe mahali pake. Tukichanganya viwili hivi ili kuwafurahisha wageni, wajukuu zetu watashindwa kuviamini vyote viwili.

Na tusiishie visiwani. Basi linaloingia Lamu linapita Witu, abiria wamelala. Witu ulikuwa usultani! Wanabahani, ukoo wa watawala waliotoka Pate, waliuweka pale, na Sultani Ahmad, waliyemwita Simba, mwaka 1885 alijiweka chini ya himaya ya Wajerumani. Witu ilipata hata stampu zake za posta, na Wajerumani wakafungua posta mjini Amu mwaka 1888. Mwaka 1890 Wajerumani na Waingereza wakakubaliana wao kwa wao, Witu ikaenda kwa Mwingereza, na kabla mwaka haujaisha jeshi la Kiingereza likauchoma mji. Hayo yote yamepita katika miaka mitano, katika mji ambao mtoto anaweza kumaliza shule ya msingi akiishi ndani yake bila kuyasikia.

Kuna Waaweer wa msitu wa Boni, wanaojua kumfuata ndege mlembe mpaka kwenye mzinga, na lugha yao inazungumzwa na watu wachache zaidi kila mwaka unaopita. Kuna waliokuja Mpeketoni katika miaka ya 1970 kwa mpango wa makazi. Wa kwanza wao sasa ni wazee, wanakumbuka kufyeka pori na mvua ya kwanza. Baadhi yetu hukunja uso nikiwataja. Mimi nawahesabu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti hii, na haikumuuliza mtu babu yake alizikwa wapi.

Kwa viongozi nina moja. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti kazi za utamaduni, zikiwemo maktaba na makumbusho. Majengo makubwa ya kitaifa yana Makumbusho ya Taifa ya Kenya na sheria ya mwaka 2006 ya kuyalinda. Ya vijijini ni yenu. Siombi jumba. Chumba kimoja kikavu Faza, kimoja hapa Siyu, kimoja Witu, chenye kabati la kufungwa kwa ufunguo na mtu wa kukishika. Milango ya kale inauzwa na kuondoka kwa sababu mwenye nyumba ana shida ya ada na hana mwingine wa kumwendea. Bajeti ya kumsaidia mtu huyo atengeneze nyumba yake ingeokoa mengi kuliko jukwaa la sherehe ya siku tatu. Sherehe nazipenda, ngoma ya kirumbizi nikiisikia siketi. Lakini vigoma vikishatulia, mlango umeshauzwa.

Sasa tufanye kazi, kwa kuwa tunayo saa mbili kabla ya chombo kuondoka.

Mwenye karatasi za zamani nyumbani, asizioshe, asizipige pasi, asizitie selotepu wala plastiki ya kubana. Zilizogandamana zisibanduliwe kwa nguvu. Ziacheni hivyo hivyo. Zifungeni kwa kitambaa safi cha pamba, ziwekwe juu, mbali na sakafu na ukuta wenye unyevu. Mkitaka kuzipiga picha, fanyeni kivulini mchana, bila taa ya simu, ukurasa kwa ukurasa kwa mpangilio wake, na picha ya kwanza iwe karatasi iliyoandikwa jina la mwenyewe, nyumba na tarehe. Karatasi zibaki kwa wenyewe. Mtu yeyote akija akisema atazichukua kuzihifadhi halafu atazirudisha, mwambieni apige picha hapa hapa mbele yenu.

Wanafunzi wa gredi ya saba na ya nane, mnaona wale wazee saba waliokaa barazani? Wamekubali kuulizwa, na kila mmoja ameniambia mwenyewe kwa kinywa chake. Mtakaa wawili wawili. Mmoja atashika simu, mwingine atauliza. Anzeni kwa kutaja tarehe, mahali na jina la mzee. Msiwaulize historia ya Siyu, hilo ni swali la mtihani. Waulizeni walipokuwa na umri wenu walilala chumba gani, walikula nini Ramadhani, nani aliwatahiri, kisima walichotumia kinaitwaje na kwa nini. Akinyamaza, nyamazeni naye. Akisema Kisiu, msimtafsirie.

Na mama zangu, mimi nitakuwa kwenye ule mkeka chini ya mwembe. Nimesikia kwamba wako wawili au watatu kati yenu mnaokumbuka yaliyokuwa yakisomwa usiku wa harusi. Nitaanza mimi na yale mahadhi ya bibi. Atakayeyatambua anishike mkono.